Bamba, Beringi, Pete

Karakana ya nyumbani
4 Mei

Kumi, binti yangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ukiondoa mikono yangu na gari, ambavyo vimeamua kuzeeka mwaka mmoja kana kwamba vilikula kiapo.

Naanza na gari, maana mikono najua utaniuliza mwenyewe. Pikapu inalia nyuma. Ilianza kama mtu anayeimba kwa pua, nikajifanya sisikii. Sasa ikichanganya mwendo inavuma, na ukikata kona kwenda kushoto inavuma zaidi. Nimeipiga jeki, nikashika tairi la kulia juu na chini, nikalitikisa. Linacheza. Beringi za nyuma zimekwisha, Kumi. Hizo nilizifunga mimi mwaka ule ulipojifunza kutembea, kwa hiyo hatuwezi kuzilaumu.

Shafti za tairi nimeweza kuzitoa. Nilifungua tairi, nikatoa dramu ya breki, nikafungua nati nne za bamba, kisha nikafanya ule ujanja wetu: dramu nikairudisha kinyume, nikaikaza kidogo tu, nikawa naivuta kwa kishindo kama nyundo mpaka shafti ikachomoka kwenye gia za difu. Kilichonishinda ni kilichobaki. Kuipasua pete ya kubana, kutoa beringi iliyokufa na kukandamiza mpya kunataka mkono usiotetemeka na presi, na hapa sina hata kimoja. Siku hizi nikishika patasi inaruka kama samaki aliyetolewa majini sasa hivi. Huko machimboni presi mnayo. Nimezitia shafti zote mbili kwenye gunia. Yenye uzi mwekundu ni ya kulia. Usizichanganye, hazilingani urefu. Kondakta wa basi ni mtu wangu wa zamani, atazishusha getini kwenu.

Nataka gari liwe barabarani mwezi wa saba ukianza. Usiniulize kwa nini, mzee naye ana mambo yake.

Ninakuandikia kwa sababu simu ya ofisi yenu hupokelewa na mtu anayepiga miayo, na kwa sababu maelezo yako nataka niyabandike ukutani juu ya meza ya kazi. Maneno ya simu hayabandikiki.

Mama yako anakusalimu sana, anauliza kama unakula. Mdogo wako Bosi naye anakusalimu. Mkewe ana mimba, na tumbo sasa linatangulia mlangoni kabla yake.

Na spana namba kumi imepotea tena. Ningejua, mtoto wangu nisingempa jina la kitu kinachopenda kupotea.

Baba yako,
Fundi


Machimboni
11 Mei

Baba Fundi, shikamoo.

Gunia limefika likivuja grisi. Mlinzi wa getini alikuwa amevaa viatu vipya, kwa hiyo salamu zake kwako sitaziandika hapa.

Nimezikagua. Ya kushoto ingeweza kujikongoja mwaka mmoja zaidi, lakini ya kulia, Baba, umeiendeshaje? Gololi zimechubuka, na njia yake imeliwa kama barabara ya hapa baada ya malori. Ungeendelea kuiendesha, siku moja tairi lingekupita njiani likakupungia mkono. Nitabadilisha zote mbili, kama ulivyonifundisha kwamba beringi pacha huzikwa pamoja. Mpya nimeshazipata, za ukubwa ule ule, na pete zake na sili zake. Usihangaike na hilo, ni zawadi yangu kwa mgonjwa.

Sasa niseme lililonikaa kooni. Nilipofungua barua yako na kusoma kuwa mikono imechoka, nililia, halafu nikacheka, halafu nikaona aibu kwa kucheka. Unakumbuka siku ile nilipofunga difu peke yangu? Ulizunguka gari zima ukitafuta kosa, ukalikosa, ukamwita Mama atoke jikoni na mikono ya unga. Ukasema mbele yake: "Siku mikono yangu ikichoka, gari hili ni la Kumi." Mama akasema, "Nimesikia." Nimekwenda shule na maneno hayo, nimekuja nayo hadi huku kwenye vumbi. Sikuyataja kwa sababu kuyataja kungekuwa kama kukuombea uzee.

Basi sikiliza mpango wangu. Nataka karakana inayotembea. Nyuma ya pikapu naweka presi ndogo, mtungi wa gesi, meza ya kukunja na kisanduku changu. Kuna mashamba mengi yenye matrekta yaliyolala kwa sababu tu fundi yuko mbali. Mimi ndiye nitakayekuwa nawafuata wenye matrekta. Nimeshachora mahali pa kila kitu, hata pa birika.

Nije kulichukua lini? Kama nimeelewa vibaya, niambie tu, Baba, nitakuelewa. Na ule mlango wa abiria bado unafunguliwa kwa nje peke yake?

Mwambie Mama ninakula. Mwambie Bosi nimemwekea mtoto wake jina tayari: Beringi.

Kumi wako


Karakana ya nyumbani
19 Mei

Kumi,

Maswali yako ni mengi na mkono ninao mmoja tu wa kuandikia, tena huo wenyewe unacheza ngoma. Nitajibu ya chuma kwanza.

Ukitoboa pete kwa drili, usiiguse shafti. Toboa uishie karibu, kisha patasi imalizie, itapasuka yenyewe kama njugu. Beringi mpya usiitie moto hata ukishawishiwa na nani. Pete unaweza kuipasha, lakini kwa adabu. Na usisahau wimbo wetu: bamba, beringi, pete. Bamba linaingia kwanza, kwa sababu ndilo linalofungwa kwa nati nne na kuishikilia shafti isitoke na tairi. Ukishakandamiza beringi na pete, bamba halina tena pa kupita. Najua unajua. Ulikuwa unauimba wimbo huo ukiwa na meno mawili. Lakini mzee asiyerudia maneno ni mzee gani?

Ukimaliza, piga nukta zako za alama kwenye pete. Nimekagua pete nilizozipasua miaka yote, zimejaa ndoo: zangu nukta moja moja, zako nukta mbili mbili. Kazi yenye nukta ina mwenyewe. Ikiharibika, mwenyewe anaitwa, hata akiwa kitandani na homa. Isiyo na nukta sijawahi kuiruhusu itoke mlangoni kwangu.

Mlango wa abiria ndiyo, bado. Umekuwa kama mama yako, hufunguka ukitaka wenyewe. Leo hana salamu kwako kwa sababu hataki hata kuja karakana. Ana hasira na mimi kwa jambo dogo, litapita.

Hayo mengine tutaongea uso kwa uso. Mambo ya nyumbani hayapendi karatasi.

Baba yako,
Fundi


Machimboni
28 Mei

Baba Fundi, shikamoo.

Imekwisha! Gunia liko kwenye basi la leo, na barua hii imo ndani, kwa hiyo ukiisoma nusa kwanza mikono yako.

Pete za zamani zilipasuka kama ulivyosema. Nilipoiokota ya kulia nikaiona nukta yako, moja, katikati kabisa kama umeipima. Nimeiweka mfukoni. Pete mpya nilizipasha kwenye sahani ya umeme ya kuchemshia chai ya ofisi, mpaka tone la maji likaanza kuruka juu yake. Karani wa ofisi aliingia na kikombe, akaangalia, akatoka na kikombe chake kitupu. Presi ilishuka taratibu. Unaijua ile sauti ndogo beringi inapokaa mahali pake? Nilisikia, nikasema "asante" kwa sauti, peke yangu, kama kichaa.

Mabamba yalikuwa na kutu. Nimeyasugua mpaka yakang'aa, nikayapaka rangi ya bluu. Najua hakuna atakayeyaona, yatakuwa nyuma ya dramu. Lakini mimi nitajua. Pikapu yote nataka niipake bluu hiyo hiyo.

Nukta mbili ziko kwenye kila pete.

Sasa jambo kubwa. Nimemwambia msimamizi kuwa naacha kazi mwishoni mwa Juni. Amenisihi nifikirie. Amesema anasubiri mpaka tarehe kumi, baada ya hapo nafasi yangu anampa fundi mwingine ambaye ameomba kwa muda mrefu, na hatakuwa na la kunifanyia tena. Baba, hapa si pazuri lakini ni kazi ya uhakika, na za namna hii hazipatikani kila siku kwa mwanamke mwenye spana. Kama kuna chochote kwenye mpango wangu usichokipenda, niandikie sasa, neno moja linatosha, kondakta atalileta kabla ya tarehe hiyo. Ukinyamaza nitajua mambo ni shwari.

Mwambie Mama akusamehe hilo jambo dogo, lolote lile. Mwambie nimesema mimi.

Kumi wako


Karakana ya nyumbani
12 Juni

Kumi,

Shafti ya kushoto imeingia kama kidole kwenye pete ya ndoa. Nimezungusha tairi kwa mkono, sikusikia hata pumzi. Nilibaki nimeinama hapo chini kama mtu anayesali.

Ya kulia nimeitoa kwenye gunia, nikaigeuza huku, nikaigeuza kule. Beringi ipo. Pete ipo. Nukta mbili zipo. Bamba liko wapi, mama? Umeimba "beringi, pete" ukaruka ubeti wa kwanza. Bila shaka liko kwenye msumari huko kwako linakauka rangi yake ya bluu. Nimecheka mpaka nimekaa chini. Fundi mzima, mwanafunzi wangu mzima! Hapo hakuna ujanja, itabidi upasue pete mpya na kuanza upya. Haraka haraka haina baraka, Kumi. Siku zote nimekwambia, katika kila jambo, usifanye haraka.

Nairudisha kwa basi. Bosi ndiye anaipeleka stendi. Fanya upesi utakavyoweza, mwezi wa saba unakaribia.

Baba yako,
Fundi


Nyumbani
12 Juni

Dada mpendwa,

Nimelifungua gunia la Baba njiani nikaichomeka barua hii, maana yeye hawezi kukuambia mambo vizuri, anaongea vyuma tu.

Dada, asante. Siku Baba aliponiita akaniambia pikapu ananipa mimi, nilimwambia hapana, hilo ni la Dada, kila mtu nyumba hii anajua. Akaniambia ameshakuandikia, na kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyesema nipewe, kwa sababu ya mtoto anayekuja. Nikamwambia mke wangu, naye akalia. Halafu juu ya hayo ukanunua beringi na kuzifunga mwenyewe! Watu wana dada, lakini wa kwangu ni wa peke yake.

Nimepata kazi ya kubeba mchanga na matofali kwa mtu anayejenga nyumba nyingi. Naanza tarehe za mwanzo za Julai. Ubavuni Baba amesema niandike "Bosi na Mwana". Nitapaka nyekundu, ionekane mbali.

Mama amenuna tangu mwezi uliopita, haongei na Baba, ukimuuliza anasema muulize baba yako. Labda wewe utajua ni nini.

Mtoto akiwa wa kike atachukua jina lako, lile la kweli, si la spana.

Mdogo wako,
Bosi


Machimboni
15 Juni

Baba,

Gari ni la nani?

Kumi


Karakana ya nyumbani
21 Juni

Binti yangu,

Mdogo wako ana mdomo unaovuja kuliko sili ya zamani. Nilitaka nikuambie mwenyewe, ukija, tukiwa tumekaa. Nilikuwa natafuta wakati mzuri. Sasa amenitangulia, basi nisikilize.

Gari nimempa Bosi. Usiitupe barua, soma mpaka mwisho.

Wewe una ujuzi. Ukitupwa leo katika mji ambao humjui mtu, kabla ya jua kuzama utakuwa umefungua injini ya mtu na umepata chakula. Yeye hana kitu. Shule ilimkataa, spana zilimkataa, unamjua, hata kukaza nati huuliza ni upande gani. Na sasa ana mke na mtoto njiani. Nilipiga hesabu ya baba: mmoja nimempa mikono, mwingine nimpe gari. Nikaona ni haki. Na tuseme kweli, Kumi, siku moja na wewe utaolewa, na gari litakwenda na wewe kwenye nyumba ya watu wengine, na jasho langu pamoja nalo. Huku litabaki na jina letu.

Unasema nilikuahidi. Niliahidi nikiwa na furaha, na mtu mwenye furaha huahidi hata mwezi.

Kuhusu kumwambia Bosi kuwa ulikubali, nilisema vile ili alipokee kwa moyo mweupe. Asingelichukua. Nilijua na wewe mwishowe ungekubali, una moyo mkubwa kuliko sisi sote. Niliwahi tu kusema kabla yako.

Barua yako kuhusu kazi niliisoma. Nilianza kukujibu mara mbili, nikachana. Ningekwambia usiache kazi, ungeniuliza kwa nini, na shafti zilikuwa bado hazijatulia mahali pake.

Tafadhali itume ya kulia. Gari liko juu ya matofali, na mtu wa mchanga hasubiri.

Baba yako


Machimboni
29 Juni

Baba,

Nimesoma barua zako zote tena, kuanzia ya kwanza. Nilikuwa natafuta uongo ili nikuchukie vizuri. Kwangu hukuandika hata mmoja. Kila nilipouliza umeniambia kuhusu patasi, na mlango, na Mama ana hasira kwa jambo dogo. Uongo uliuweka kwa Bosi, ukauwekea sauti yangu.

Umenisaliti, Baba. Naliandika neno lenyewe ili baadaye usimwambie mtu kuwa binti yako alikasirika kidogo. Kumpa Bosi gari, hilo ningeweza kulimeza. Ungeniita, ukaniambia, ningelia siku mbili, ningekutukana moyoni, na pengine mwishowe ningesema apewe, kwa sababu ni mdogo wangu na nampenda si kidogo. Hukunipa nafasi ya kusema. Ulitaka moyo wangu mkubwa lakini hukutaka kuuomba. Na mikono yangu uliitaka pia, ukaiomba kwa utani na salamu, ukaniacha nisugue kutu na kupaka rangi gari la mtu mwingine nikiimba. Hilo bamba nililisahau kwa furaha. Nilikuwa nimelitundika msumarini, nikawa nalipita kila baada ya muda kuliangalia tu.

Tarehe kumi nilikaa getini mpaka basi likapita. Kondakta akatikisa kichwa, hana kitu changu. Nikarudi ndani nikamwambia msimamizi, mpe mwenzangu nafasi, mambo ni shwari.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuwa beringi haifi ghafla, hulia kwanza, na fundi mwenye sikio hulisikia gari kabla halijamuua mtu. Nimejiuliza kwa nini sikukusikia. Nadhani ni kwa sababu hukulia hata kidogo. Ulizunguka kimya kimya mpaka tairi likatoka.

Nilifikiria kuitupa shafti kwenye shimo la machimbo. Nilisimama nayo ukingoni. Bila hiyo gari lako ni banda la kuku. Lakini nikamfikiria Bosi na mkewe na tumbo lile linalotangulia mlangoni, na nikafikiria chuma chenyewe, ambacho hakijanikosea. Nimepasua pete mpya. Nimeingiza bamba, nikaingiza beringi nyingine, nikaingiza pete nyingine. Kazi ni nzima. Mwambie Bosi asizidishe mchanga, springi za nyuma ni za zamani.

Bosi nimemwandikia mistari miwili: kwamba sikuulizwa na sikusema, na kwamba sina kinyongo naye. Afanye atakavyo na hayo. Wewe ulimjengea moyo mweupe kwa jina langu, nami jina langu nimelichukua.

Mwambie Mama nimeelewa kwa nini hakuwa na salamu. Yeye namwamkia, shikamoo zote ni zake.

Kesho nakabidhi funguo za karakana. Kuna watu ng'ambo ya mto wanatafuta mtu wa matrekta. Nitakwenda na kisanduku changu begani, tuone kama ni kweli kwamba nikitupwa mji wowote nitapata chakula. Usiandike tena huku machimboni.

Binti yako


Karakana ya nyumbani
6 Julai

Kumi,

Umesema nisiandike machimboni, na hukuniambia niandike wapi. Basi naandika huko huko. Yule mlinzi wa viatu huenda anajua ulikoelekea.

Shafti imefika. Nililifungua gunia nikiwa nimekaa kwenye kile kigoda chako. Kwanza hata bamba sikuliangalia. Niliweka kidole gumba kwenye pete, nikaizungusha. Nikaizungusha tena. Nikadhani ni hivi vidole vyangu, nikavaa miwani, nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Pete ni laini pande zote.

Beringi imekaa vizuri kuliko niliyowahi kufunga mimi. Bamba liko mahali pake, na rangi ya bluu umeikwangua yote.

Mama yako alikuja akasimama mlangoni. Tangu mwezi wa tano alikuwa hajakanyaga karakana. Akauliza, "Ameweka nukta?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi," akarudi ndani. Hayo ndiyo maneno pekee aliyonipa mpaka leo.

Bosi alikuja na barua yako mkononi. Akaniuliza, "Baba, kweli Dada hakusema?" Nikamwambia nishikie spana. Akaniuliza tena. Nikamwambia hakusema. Alikaa kwenye ngazi ya nyuma muda mrefu, na mimi nilidhani atakataa, na Mungu anisamehe, nusu yangu ilitaka akatae. Kisha mkewe akamwita kutoka nyumbani, akainuka, akanishikia spana. Hakuniangalia usoni mpaka tulipomaliza. Ile nyekundu hakupaka. Wala ubavuni hakuandika kitu.

Kabla hatujaingiza shafti nilichukua nyundo na kile kipigia alama. Nilisema nitaweka nukta yangu moja, kazi isiende uchi. Nikaweka ncha juu ya pete. Mkono ulitulia, Kumi, kwa mara ya kwanza mwaka huu haukutetemeka. Sikuweza. Sikuifanya kazi ile, na aliyeifanya hakutaka kuitwa.

Leo asubuhi gari limetoka na mchanga wake wa kwanza. Kushoto lina nukta zako mbili, kulia halina mwenyewe. Ndiyo kazi ya kwanza ya namna hiyo kutoka mlangoni kwangu. Nilisimama barabarani nimetega sikio mpaka likakata kona, kwenda kushoto, pale lilipokuwa linalia sana. Halikulia.

Baba yako